Pembe Mbili za Mjomba Nyati

Sogeeni, sogeeni, ila msikalie kuni zangu. Na wewe uliyenuna huko nyuma kwa sababu umekosa ukoko, njoo hapa mbele kabisa, maana hadithi ya leo nimeichagua kwa ajili yako.

Hapo zamani za kale, siku ambazo wanyama walijenga nyumba, wakapika kwa vyungu na kubisha hodi milangoni kama sisi, palikuwa na kijiji kimoja kando ya mto. Wanyama wadogo wote waliishi bondeni. Kilimani palikuwa na nyumba moja tu, nayo ilikuwa ya Nyati.

Nyumba gani ile! Kuta nene za udongo, paa pana, na ukumbi ambamo wangelala wageni hamsini bila mguu wa huyu kumgusa yule. Lakini mgeni hata mmoja hakuwapo. Mkeka wa wageni ulikunjwa ukaegemezwa ukutani miaka na miaka, mpaka mende wakaufanya mtaa wao.

Sasa mjue desturi ya wanyama wa kule. Ukifika kwa mtu, hata kama mlango uko wazi pwaa, huingii. Unapiga hodi, unangoja. Mwenyeji akikukunjulia mkeka, basi wewe ni mgeni wake, na hakufukuzi mpaka uage mwenyewe. Asipoukunjua, geuka urudi ulikotoka.

Na Nyati alikuwa hakunjui. Si mkeka, si uso.

Alipokuwa ndama, baba yake alimwambia, "Mwanangu, mwenye nguvu hakenui. Ukiwakenulia, watakuzoea." Nyati akalishika neno hilo kwa meno yote. Asubuhi kakunja uso, mchana kakunja uso, anakunywa uji wa moto, kakunja uso. Hata binti yake mdogo, Sikitu, akisikia kwato za baba yake uani alikimbilia nyuma ya mama yake. Nyati aliliona hilo, akadhani ni heshima.

Huko bondeni sasa, ndani ya kichuguu, aliishi Nguchiro na watoto wake watatu: Kokoto, Changarawe, na kitinda mimba wake, Vumbi. Mama huyu alikuwa mdogo, mwepesi wa miguu na mwepesi wa akili. Mume hana, shamba hana. Alichokuwa nacho ni tabasamu, na mimi nampenda huyu mama, sifichi.

Msidhani alitabasamu kwa kujipendekeza. La! Alitabasamu kama mtu aliyefurahi kukuona, na kweli alikuwa amefurahi. Akienda kwa Nungunungu kuomba kaa la moto, anarudi na moto na kiazi. Akimkuta Kobe kisimani, Kobe ambaye hata mwenyewe hajui kuharakisha, Kobe anasogea na kumwachia zamu.

"Nguchiro," majirani walimuuliza, "una dawa gani wewe?"

"Sina dawa, jamani. Namwangalia mtu, namfurahia, basi. Mengine anayafanya yeye."

Mwaka mmoja siafu walianza kuhama mapema. Walipanda kilima mistari kwa mistari, na mayai yao mdomoni. Wanyama walipoona hivyo, wakajua mvua kubwa inakuja. Chura akatoka mtoni akasimama juu ya jiwe akapiga mbiu.

"Kroo! Kroo! Masika ya mwaka huu si ya mchezo! Siku tatu zijazo, mto utalala ndani ya nyumba zenu! Kroo!"

Nguchiro aliposikia, alimtazama Vumbi. Mwaka uliopita maji yaliingia kichuguuni, akawabeba watoto wake juu ya kilele cha kichuguu tangu alfajiri mpaka jioni, wakinyeshewa. Kokoto na Changarawe walipona. Vumbi alibaki na kikohozi ambacho hakijaisha mpaka siku hiyo.

"Kho! Kho! Mama, tutapanda tena juu ya kichuguu?"

"Hatupandi, mwanangu," akasema Nguchiro. Lakini moyoni alijua kwamba mtoto yule akilowa tena siku nzima, hatamwona mwezi mwingine.

Basi wanyama wote wa bondeni wakashauriana, wakapanda kilimani kwa Nyati. Kobe ndiye aliyetangulia kuongea, kwa sababu ya umri.

"Hodi hapa! Hodi!"

"Nani?"

"Ni sisi majirani zako."

Mlango ukafunguka kiii! Nyati akatokeza kichwa, uso umekunjwa kuliko mkeka.

"Mnataka nini?"

"Mjomba, mto unakuja. Nyumba yako iko juu, na ukumbi wako ni mpana. Tunaomba utupokee mpaka masika yapite. Unga tutakuja nao wenyewe, na kuni pia."

"Leo mtaomba ukumbi, kesho mtaomba jiko, keshokutwa mtaniita kwa jina la utotoni!" akanguruma Nyati. "Nisikilizeni! Naapa kwa pembe za baba yangu. Siku mtakayoniona nimekunjua uso huu, ndiyo siku nitakayoukunjua mkeka ule. Na uso huu haujawahi kukunjuka!"

Paa! Akafunga mlango.

Wanyama wakabaki uani wakitazamana. Kisha Tumbili akajipiga kifua.

"Kumbe ni kumchekesha tu? Hiyo kazi yangu! Fisi, twende."

Mchana huohuo Tumbili akamfuata Nyati malishoni. Akaruka sarakasi tatu, akavaa kibuyu kichwani, akatembea kwa mikono, akateleza kwenye kinyesi cha Nyati mwenyewe. Puu! Fisi, ambaye hucheka hata msibani, akaangua kicheko.

"Kwi! Kwi! Kwi! Jamani mbavu zangu! Kwi! Kwi!"

"Mnanicheka mimi?" akauliza Nyati.

"Hapana Mjomba, tunacheka... kwi! kwi!... tunacheka ili wewe..."

Hakumaliza. Nyati aliinamisha kichwa, akakita kwato, na wale wawili wakateremka kilima wakibiringika, kibuyu upande huu, Tumbili upande ule. Tangu siku hiyo Fisi anachechemea.

Nguchiro aliyaona yote hayo akiwa kichakani na watoto wake.

"Mama, imeshindikana," akasema Changarawe.

"Wanataka kumnyang'anya kicheko kwa vurugu," akasema mama yake, "na kwa vurugu Nyati hawamwezi. Lazima akitoe mwenyewe, tena kwa kujisifu."

Akatabasamu. Ewe mama!

Kesho yake asubuhi alipanda kilimani peke yake. Alimkuta Nyati uani na rafiki yake Faru. Faru naye alikuwa na makunyanzi usoni, ila yake ni ya kuzaliwa, msimlaumu. Walikuwa wakishindana kunyanyua vitu vizito, maana ndiyo iliyokuwa michezo yao. Faru alikuwa ameshika kinu.

"Hodi, wajomba! Shikamooni!"

"Marahaba," akaitika Faru.

"Mmh," akasema Nyati.

Nguchiro hakuingia uani. Alikaa juu ya jiwe nje ya wigo, akawatazama na tabasamu lake. Nyati akatia pembe chini ya gogo la mkwaju. Hiiii-ya! Akalinyanyua, akalitupa. Puu! Ardhi ikatikisika.

"Hongera, Mjomba! Hilo gogo wengine tungeliona tu na kulizunguka."

Nyati akamkazia macho. Tabasamu la Nguchiro likawa palepale, halikukimbia.

"Unatabasamia nini, we kidole gumba?"

"Nimefurahi tu kuwaona mkifanya mazoezi. Nimekumbuka na mimi ya kwangu."

"Ya kwako!" Nyati akamgeukia Faru. "Umesikia? Huyu naye ana mazoezi! Unanyanyua nini wewe, punje za mtama?"

"Nanyanyua pembe mbili."

Kinu kikamponyoka Faru. Puu!

"Pembe mbili?" akauliza Faru.

"Mbili kwa pamoja, Mjomba Faru. Kila asubuhi nikiamka, kabla sijawasha moto. Nanyanyua, nazishikilia juu. Nikikutana na jirani njiani, nanyanyua tena. Siku nyingine mambo yakiwa mazito nyumbani, ndipo zinapokuwa nzito zaidi. Lakini nanyanyua."

"Na zikishanyanyuka?"

"Mzigo wote wa siku unakuwa mwepesi. Hata watoto wangu wananyanyua za kwao."

Nyati alitaka kupiga kelele, akajizuia. Neno la pembe lilikuwa limemwingia sikioni, na likishamwingia nyati sikioni halitoki. Kijijini pale nani mwenye pembe kama zake? Alizipaka mafuta ya nyonyo kila Ijumaa!

"We mama," akasema polepole, "pembe mbili hata mimi nanyanyua."

"Wewe, Mjomba?" Nguchiro akainamisha kichwa upande. "Nimekutazama miaka yote hii. Sijakuona ukizinyanyua hata siku moja."

"Nini!"

"Labda ni nzito mno kwako. Si aibu. Kila mtu na nguvu zake."

Faru akavuta pumzi. Faru hakuwa mtu mbaya, lakini alipenda ugomvi wa wenzake kuliko alivyopenda chakula.

"Ndugu yangu Nyati," akasema, "hapo umetukanwa."

"Nimetukanwa!" Nyati akaruka. "Mimi Nyati! Kesho mchana waite wote, wa bondeni na wa msituni! Nitanyanyua pembe zangu mbili mbele yao, nazo zitakaa juu mpaka mseme basi! Na nikishindwa, mniite Mbuzi!"

"Mbuzi, Mjomba?"

"Mbuzi!"

"Mjomba Faru, umesikia mwenyewe?"

"Nimesikia vizuri," akasema Faru akijilamba midomo. "Mbuzi."

Nguchiro akashukuru, akaaga kwa adabu, akateremka kilima tuku, tuku, tuku. Alipofika bondeni alibisha nyumba hata nyumba. "Kesho mchana kwa Nyati. Njooni na vyungu vyenu, unga wenu na watoto wenu. Msiache kitu." Wakamuuliza kwa nini waende na vyungu kutazama mashindano. Akawaambia, "Mtakuja kuona." Wakamwamini, kwa sababu uso ule haukuwahi kuwadanganya.

Siku ya tatu ikafika. Mawingu yalikuwa meusi tii, yamekaa juu ya kilima kama chungu kikubwa kinachongoja kupinduliwa. Wanyama wakapanda na mizigo kichwani, wakasimama duara uani. Vumbi alikuwa mgongoni kwa mama yake, kifua kinamkoroma. Mke wa Nyati akasimama mlangoni, na Sikitu nyuma yake, jicho moja tu linaonekana.

Nyati akatoka. Pembe zimepakwa mafuta zinang'aa. Akatembea katikati kwa madaha, akajaza kifua hewa, akainua kichwa juu, juu, juu, mpaka shingo ikalia kacha.

"Haya! Mnaziona? Zimenyanyuka hazikunyanyuka?"

Nguchiro akatoka mbele.

"Mjomba, hizo hazikulala hata siku moja. Zimesimama tangu zilipoota. Mimi sikusema hizo."

"Kuna pembe gani nyingine?"

"Nilisema pembe mbili ninazonyanyua mimi, kila asubuhi. Jamani, hebu nitazameni kichwani. Nina pembe?"

"Huna!" wakajibu wote.

"Basi zangu ziko wapi? Kokoto, Changarawe, Vumbi, waonyesheni."

Watoto watatu wakaweka vidole kwenye midomo yao, huku na huku.

"Hapa na hapa! Pembe za mdomo!"

Na wote watatu wakazinyanyua kwa pamoja. Hata Vumbi mgonjwa akanyanyua za kwake.

Ikawa vurumai! Nungunungu akapiga vigelegele, Tumbili akaruka juu ya wigo. Faru alisimama akifikiri, kwa maana kufikiri kwake kulichukua muda, kisha akasema, "Alaa! Kumbe!"

"Hizo si pembe!" akafoka Nyati.

Kobe akakohoa. "Nyumba ina pembe nne. Mkeka una pembe nne. Mdomo una pembe mbili. Ni pembe, Mjomba. Neno ni letu sote."

"Mee-e-e!" akalia Tumbili kutoka juu ya wigo.

Nyati akageuka. "Nani kalia?"

"Mee-e-e!" akalia Fisi kutoka upande wa pili, akajificha nyuma ya Faru.

Jamani, Nyati alikuwa kwenye mtego. Asipozinyanyua, yeye ni Mbuzi mpaka kufa. Akatazama mashahidi. Akatazama mawingu. Akakita miguu yake minne chini kama alivyokuwa akifanya mbele ya gogo.

"Nitazinyanyua," akasema. "Kitu gani kimewahi kunishinda?"

Akaanza. Mmmmmh! Mishipa ya shingo ikatoka. Jasho likamtiririka. Pua zikatanuka, masikio yakapanda, nyusi zikapanda, kila kitu kikapanda isipokuwa mdomo. Mmmmmmmh! Pembe ya kulia ikatikisika kidogo. Ikapanda kama unywele mmoja. Ikaanguka.

"Jamani, ni nzito!" akahema.

"Hazijatumika siku nyingi, Mjomba," akasema Nguchiro kwa upole. "Zimeshika kutu. Jaribu tena. Usisukume kutoka shingoni."

"Nisukume kutoka wapi?"

"Mkumbuke mtu unayempenda, kisha uziachie."

"Nikusaidie?" akauliza Faru. Akasogea na pembe yake ya puani, akaitia chini ya mdomo wa Nyati upande wa kushoto, akainua. Sasa Nyati akawa na upande mmoja juu na mwingine chini, jicho moja limefumba, anafanana na mtu aliyeng'olewa jino.

Hapo ndipo sauti ndogo ilipotoka mlangoni.

"Mama! Kumbe Baba ana meno!"

Ilikuwa ni Sikitu. Alikuwa ametoka nyuma ya mama yake, hatua moja, mbili, akiangalia kwa mshangao. Maskini, miaka yote ya uhai wake hakuwahi kuyaona.

"Ana meno, Mama! Ya chini! Madogo madogo kama yangu!"

Akakimbia. Mara hii hakukimbilia nyuma ya mama yake. Alikimbia katikati ya uwanja mpaka miguuni kwa baba yake, akainua uso ili aone vizuri zaidi.

Nyati akamtazama. Hakumbuki ni lini binti yake alimsogelea karibu namna ile. Aliona madoa mawili meupe juu ya pua ya Sikitu, ambayo hakujua kwamba mtoto anayo. Kitu fulani kikalegea ndani ya kifua cha yule mnyama mkubwa. Faru akaondoa pembe yake polepole, na mdomo haukuanguka. Upande wa kushoto ulibaki juu. Wa kulia nao ukapanda taratibu, bila jasho, bila mmmmh, mpaka uso mzima ukafunguka.

Mke wa Nyati akaweka mkono mdomoni. Mara ya mwisho kuuona uso ule ilikuwa siku ya harusi yao, tena kwa kuibia. Akatabasamu naye. Nungunungu akatabasamu. Kobe akatabasamu, ingawa tabasamu lake lilichelewa kufika. Uwanja mzima ukawa mweupe, na wote walikuwa hawajui kwa nini wanafurahi, wanafurahi tu.

Nguchiro akangoja kidogo. Kisha akapiga goti.

"Mjomba," akasema, "uso umekunjuka."



Nyati akasikia neno lile. Kukunjuka. Akakumbuka kiapo alichoapa mlangoni. Akatazama vyungu vichwani mwa watu, na unga, na watoto migongoni, akaelewa mara moja walichofuata.

"Umenidanganya!" akanguruma. "Wewe panya wa kichuguuni! Pembe, pembe, kumbe ulitaka mkeka!"

"Ndiyo, Mjomba. Nilitaka mkeka." Nguchiro hakurudi nyuma. "Huyu niliyembeba hatamaliza masika nje. Ningekuwa na nguvu ningekuomba kwa nguvu. Sina. Nina hizi pembe mbili tu."

Mgongoni mwake Vumbi akakohoa. Kho! Kho! Tone la kwanza la mvua likaanguka vumbini. Ta!

Nyati akavuta nyusi aukunje uso tena, ili aseme kwamba haukukunjuka, ameonwa vibaya. Akavuta upande mmoja. Akavuta wa pili. Lakini Sikitu alikuwa amepanda juu ya ukwato wake, akamshika mdomo kwa midomo yake laini.

"Baba, usiufunge," akasema. "Ukiufunga nitaogopa tena."

Mimi nawaambieni, gogo la mkwaju Nyati alilinyanyua. Neno lile lilimshinda kulisogeza. Nyusi zikaanguka, akabaki na uso wake wazi mbele ya kijiji kizima.

"Kiapo ni kiapo," akasema Faru.

"Najua," akasema Nyati. "Uso nimeukunjua mwenyewe, hakuna aliyenishika. Ila hiyo ya panya, Nguchiro, nimeifuta. Mke wangu, lete mkeka."

Wakauleta, wakaukunjua ukumbini. Mende waliotoka humo! Tumbili aliwafukuza kwa fagio mpaka nje. Ta, ta, ta, mvua ikaongezeka, kisha shaaaa, mbingu zikapasuka, na wanyama wakaingia wote, wakakaa, wakapika. Vumbi akalazwa kavu karibu na jiko.

Mnadhani imeisha? Ngojeni kidogo, msianze kuinuka.

Mvua ikanyesha siku mbili, usiku na mchana. Na mnajua wasemavyo: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu asubuhi Nguchiro alikwenda nyuma ya nyumba kuosha chungu, akasimama ghafla. Maji yalikuwa yakiteremka kutoka juu ya kilima, yamekusanyika nyuma ya ukuta, yanaula udongo wa chini nya, nya, nya. Ukuta wenyewe ulikuwa wa chumba anacholala Sikitu.

"Mjomba Nyati! Njoo huku, haraka!"

Nyati akaja mbio. Alipoona, akaingiza bega lake ukutani kuuzuia. Lakini maji hayashindani na bega. Yalipita chini ya kwato zake, na ukuta ukaanza kulia.

"Nifanye nini?" akauliza. Ndiyo mara ya kwanza Nyati kuuliza swali hilo.

"Shikilia hapo hapo! Sisi tupe majembe!"

Wakatoka wote. Nguchiro na wanawe wakachimba kwa kucha, fyata, fyata, fyata, maana hakuna wachimbaji kama hao. Nungunungu akachimba, Fisi akachimba, Tumbili akatupa tope, Kobe akalala kwenye pengo kama jiwe kuzuia maji. Jua lilipofika utosini nyuma ya mawingu, mfereji ulikuwa umefika ukingoni mwa kilima. Maji yakageuka, yakateremkia upande mwingine wa kilima, ghuuuu! Ukuta ukanyamaza.

Nyati akatoa bega lake. Akaingia chumbani akamkuta Sikitu, ambaye wote walidhani yuko ukumbini na wageni, amelala fofofo, hajui lolote. Alipotoka, macho yake yalikuwa na maji, na hayakuwa ya mvua.

"Nguchiro, mwanangu," akasema, "ningebaki mwenyewe humu na uso wangu, leo ningekuwa namchimbua binti yangu kwenye tope."

"Umeshika ukuta mpaka tukamaliza, Mjomba. Sisi tusingeuweza."

"Niliwadhania nyinyi ndio mmekuja kujisetiri kwangu," akasema Nyati, "kumbe mimi ndiye niliyesetiriwa nanyi." Akazinyanyua pembe zake mbili, zile za mdomo, taratibu, kwa kuwa bado alikuwa anajifunza, na wote waliokuwa wamelowa tope uani wakamrudishia za kwao.

Hapo ndipo alipoishia aliyenisimulia, nami ndipo ninapowaachia. Mkikutana na jirani kesho, chukueni hili mkalijaribu: kutabasamu hakuna uzito, lakini huinua mizigo iliyowashinda wenye nguvu.